Bei ya seva chakavu: anayejua ananunua vipi kwa asiyejua?

Ijumaa hii napenda tulitazame swali nililoulizwa na kijana mmoja barazani mwa msikiti baada ya sala ya Alasiri. Mwanzoni nililiona swali dogo. Nilipokwenda nalo nyumbani nikaliona kubwa, na sasa naamini linawahusu watu wengi kuliko yule aliyeuliza.

Kijana huyu hufanya biashara ya vyuma chakavu maeneo ya Gerezani, Kariakoo. Hununua mabati, mota za friji, betri za magari na kompyuta zilizokufa, akaviuza kwa jumla au akavitenganisha na kuuza kipande kimoja kimoja. Ni mtu wa sala tano na riziki yake ni ya jasho. Alinieleza kuwa shule moja ya sekondari ya Waislamu, yenye kusomesha pia mayatima, ilimwita akaondoe seva 11 zilizojaa vumbi stoo. Kwa wasiozifahamu, seva ni kompyuta isiyo na kioo wala kibodi, bapa na nzito, ambayo hukaa katika chumba chenye kiyoyozi na kuhifadhi kumbukumbu na kazi za kompyuta nyingine zote za ofisi. Shule ile ilizipokea miaka iliyopita kama msaada wa wahisani, ikazitumia, kisha ikahamishia mambo yake kwenye intaneti, na seva zikabaki kula nafasi.

Katibu wa shule alisema, "Tuondolee hivi vyuma." Kijana akaleta mizani, akapima mbele yao, akalipa kwa kilo bei ile ile anayolipia fremu za madirisha. Wakapeana mikono, wakaombeana heri. Usiku ule alifungua tisa kati ya zile seva, akakuta ndani yake vipande vya kumbukumbu, yaani ramu, vimekaa safu kwa safu, vizima. Siku ya pili fundi mmoja wa kompyuta alivinunua vyote. Fedha alizopata kwa ramu peke yake zilikuwa mara tatu ya alizolipa shuleni kwa mzigo mzima, na hapo hajagusa prosesa wala bodi.

"Ustadhi," akasema, "mimi sikusema uongo. Mizani yangu imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Wao ndio walioviita vyuma, nami nikanunua vyuma. Lakini tangu siku ile kila nikikaa kula naziona zile fedha. Je, ni halali yangu?"

Ninakiri kwamba jibu la haraka lilikuwa ulimini. Mauziano yalikuwa kwa ridhaa, mizani ilikuwa ya haki, hapana aliyeshurutishwa. Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inawaonya kwa ukali wale wanaojipimia kamili na kuwapunja wenzao, na kijana huyu hakupunja hata gramu moja. Nikataka kumwambia aende akale kwa raha.

Kilichonizuia ni kisa cha Nabii Shuaib (A.S.) na watu wa Madyan. Mawaidha aliyowapa kaumu yake, kama yanavyosimuliwa katika Sura za Al-A'raf, Hud na Ash-Shu'araa, yana maagizo mawili yanayofuatana. La kwanza ni kutimiza kipimo na mizani. La pili ni kutowapunguzia watu thamani ya vitu vyao. Mtu anaweza kuwa na mizani iliyonyooka kama uzi na bado akashusha thamani ya kitu cha mwenzake, kwa sababu amekipima kwa kipimo kisichokuwa chake. Dhahabu haipimwi kwa mizani ya mkaa. Na tumkumbuke Nabii Yusuf (A.S.), aliyeuzwa kwa dirhamu chache za kuhesabika. Qur'ani inatufahamisha kuwa waliomuuza hawakuwa na haja naye. Hiyo ndiyo hali ya ofisi nyingi zinapouza kompyuta kuukuu: anayeuza hana haja na kitu, anataka tu chumba chake kiwe wazi, na asiye na haja na kitu haulizi bei yake.

Kabla ya kumjibu nilimwomba anifungulie moja kati ya seva mbili zilizobaki. Nilidhani atatafuta bisibisi. Akabonyeza komeo dogo, akavuta kifuniko, basi. Ndani kulikuwa na safu ya feni, nyuma yake vipoza joto vya shaba na alumini vimekalia prosesa mbili, ubavuni ramu 16 zimesimama kama juzuu kwenye rafu ya chuo, nyuma kabisa pawasaplai mbili, na mbele diski zilizopangwa katika visanduku vya kuchomoka. Seva ya aina ile huwa na uzito wa kilo 20 hadi 30, na sehemu kubwa ya kilo hizo ni bati la kasha. Kasha hilo ndilo chuma kweli. Linachukua uzito mwingi na thamani ndogo kuliko vyote. Kilo chache zilizobaki ndizo zinazogombewa.

Watu wakisikia habari za kompyuta chakavu hukimbilia kuzungumza dhahabu. Dhahabu imo, lakini ni utando mwembamba mno, uliopakwa kwenye meno ya ramu, kwenye vishikizo vya bodi na kwenye miguu ya prosesa kwa kuwa haipati kutu. Prosesa za zamani zenye gamba la kauri, kama Pentium Pro iliyotoka mwaka 1995, zilikuwa na dhahabu ya kuonekana kwa macho na hadi leo zinatafutwa. Hizi za miaka ya karibuni zimebaniwa. Wajapani walitupatia kipimo kizuri cha jambo hili: kwa ajili ya medali za Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kati ya mwaka 2017 na 2019 wananchi walichangia tani zipatazo 79,000 za vifaa vidogo vya umeme, pamoja na simu za mkononi zaidi ya milioni 6, na katika mlima wote ule ikapatikana dhahabu ya kilo 32 hivi. Kwa hiyo anayedhani atachoma bodi tatu uani apate pete ya mkewe anajichosha, na isitoshe anajitia sumu. Dhahabu ya bodi hulipa inapokusanywa kwa tani na kusafishwa kiwandani. Hata hivyo tusiidharau, maana wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 2,000 mwezi Agosti 2020, ikavuka 3,000 Machi 2025, ikavuka 4,000 Oktoba 2025, na wanunuzi wa bodi kwa kilo hufuata mwendo huo. Anayenunua bodi leo kwa bei ya mwaka 2019 anajua anachokifanya.

Lakini thamani kubwa mara nyingi haimo katika madini. Imo katika kile ambacho bado kinafanya kazi. Ramu nzima huuzwa kama ramu, ikaingia katika mashine ya mtu mwingine. Iliyokufa huuzwa kwa uzito wa meno yake. Na hata zilizo nzima hazilingani. Zile za kizazi ambacho mafundi hukiita DDR3 zimeshuka sana, za DDR4 bado zina soko, na mwishoni mwa mwaka 2025 bei za ramu duniani zilipanda kwa kasi kwa kuwa viwanda vilielekeza nguvu zao kwenye mashine za akili bandia. Bei ya vitu hivi ni kama ya samaki wa Feri, asubuhi si jioni. Ndiyo maana simwandikii msomaji hapa kwamba seva moja ni shilingi kadhaa. Bei hiyo ingeoza kabla ya gazeti kufungiwa maandazi.

Sasa turudi kwenye sheria. Wanachuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu katika pwani hii, wameshurutisha kwamba kinachouzwa kijulikane kwa pande zote mbili. Wakaruhusu kitu kiuzwe ndani ya gamba lake pale ambapo gamba ndilo linalokihifadhi, kama vile yai na komamanga. Hakuna anayevunja yai sokoni ili alione ndani. Je, kasha la seva ni gamba la yai? Kwa maoni yangu, la. Kasha lile hufunguliwa kwa kidole na kurudishwa bila kuharibika chochote. Kuiuza seva ikiwa imefungwa, kwa bei ya kilo, ni sawa na kuuza kabati lililofungwa kwa bei ya mbao bila kujali kilichomo.

Sahaba Fadhala bin Ubayd (R.A.) amesimulia jambo linalokaribiana mno na hili. Siku ya Khaybar alinunua kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipokitenganisha akakuta dhahabu peke yake inazidi dinari 12. Alipompelekea habari Mtume (S.A.W.), akaelekezwa kwamba kitu kama kile kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Najua hukumu yenyewe inahusu dhahabu kwa dhahabu, ambapo tofauti ya uzito ni riba, na sisi tunalipa kwa shilingi. Lakini tazama mafunzo yaliyomo: kilichochanganyika hakikukadiriwa kwa macho na kumalizwa kwa bei moja. Kilitenganishwa kwanza. Na kwa wale wanaokusanya bodi na prosesa kwa ajili ya dhahabu yake, kuna nyongeza. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu katika kikao chake cha Amman mwaka 1986 liliamua kuwa fedha za karatasi zina hukumu za dhahabu na fedha katika mambo ya riba. Ni kweli kwamba wanachuoni wetu walipozungumzia vyombo vilivyopakwa dhahabu walitofautisha kati ya utando unaoweza kupatikana ukitiwa motoni na ule usiotoa kitu, na utando wa bodi una mjadala wake. Ila tahadhari ni bora. Anayenunua kwa ajili ya dhahabu alipe mkono kwa mkono, asichukue mzigo leo na kuahidi malipo mwisho wa mwezi.

Hapa kijana alinikatiza. "Kwa hiyo, Ustadhi, faida kubwa ni haramu?" Nikamwambia la, mwanangu, wala usimsikilize anayekwambia hivyo. Urwa al-Bariqi (R.A.) alipewa na Mtume (S.A.W.) dinari moja amnunulie mbuzi. Akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari mkononi, naye Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Faida ile ni mtaji wote mara moja tena. Sheria haikuweka kikomo cha faida, na elimu ya kijana huyu ya kujua ramu hii na ile ni mali yake aliyoisotea miaka. Ana haki ya kuila.

Swali ni aliila kwa nani na kwa njia gani. Jarir bin Abdillah (R.A.) alikuwa amempa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu. Imepokewa kwamba mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300, akaja na mwenye farasi ili alipwe. Jarir alipomtazama farasi akamwambia mwenyewe kuwa mnyama huyu ana thamani zaidi ya hiyo, je, utamuuza kwa 400? Akaongeza mia kwa mia mpaka akalipa 800. Mnunuzi ndiye aliyepandisha bei! Sisi tuliozaliwa katika masoko ya kuvutana mashati tunaweza kucheka. Simwambii kila mfanyabiashara wa Gerezani awe Jarir, kwani ile ni daraja ya juu ya ihsani. Lakini ipo daraja ya chini yake ambayo ni wajibu. Mtume (S.A.W.) alikataza watu kutoka nje ya mji kuulaki msafara wa bidhaa na kuununua kabla wenyewe hawajafika sokoni wakajua bei, na akampa mwenye bidhaa hiari ya kuvunja mauziano akifika sokoni. Zingatia kwamba aliyetoka kuulaki msafara huenda hakusema uongo wowote. Kosa lake ni kutumia pengo la kutojua kwa mwenzake. Na stoo ya shule, ofisi au msikiti leo ndiyo njia ya msafara. Mwenye mali yuko mbali na soko la ramu kama Bedui alivyokuwa mbali na soko la Madina.

Kwa upande mwingine, katika madhehebu yetu mtu mzima mwenye akili akiuza mali yake mwenyewe kwa bei ya chini, bila kudanganywa, kupunjika peke yake hakuvunji mauziano. Angekuwa ni mwenye duka la intaneti aliyefunga duka na kuuza mashine zake kwa hasara kwa kuwa anahamia Tabora, ningemwambia kijana kwamba mauziano ni sahihi, na kilichobaki ni kati yake na Mola wake.

Lakini aliyeuza hakuwa mwenye mali. Hapa ndipo penye uzito, na ndipo ninapoona watu wengi hawapatazami. Katibu wa shule ni wakili. Kamati ya msikiti ni wakili. Ofisa wa stoo, msimamizi wa wakfu, mlezi wa yatima, wote hawa wanauza kisichokuwa chao. Na vitabu vya fiqhi ya Shafi viko wazi kwamba wakili aliyepewa ruhusa ya jumla ya kuuza hana mamlaka ya kuuza kwa punguzo la kupindukia. Hutoa hata mfano: kitu cha thamani ya kumi kuuzwa kwa tisa huvumilika, kuuzwa kwa nane hakuvumiliki, ingawa wameongeza kuwa jambo hili hutofautiana kwa aina ya mali. Sasa pima wewe mwenyewe. Ramu peke yake imeuzwa mara tatu ya bei ya mzigo wote. Hiyo si nane kwa kumi, wala tano kwa kumi. Ridhaa ya katibu haikuwa na nguvu ya kuhalalisha bei ile, kwa sababu ridhaa ile haikuwa yake kuitoa.

Basi nilimwambia kijana: zile fedha usizile mpaka uziweke mezani mbele ya kamati ya shule, ueleze ulichokikuta, na mpatane upya kwa bei ya haki. Akauliza, "Je, wakisema wamenisamehe?" Swali zuri. Kamati haiwezi kusamehe mali ya shule na mayatima kama mtu anavyosamehe deni lake binafsi. Wanachoweza ni kukubali bei inayofanana na soko, na ndani yake wakampa kijana haki yake yote. Haya ndiyo maoni yangu, na sikuficha kwamba wapo watakaoona nimemkazia.

Haki yake ni ipi? Tulikaa na daftari. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba vipande vya seva moja vikitenganishwa vinaweza kuuzwa kwa jumla ya shilingi 300,000. Mnunuzi hawezi kulipa 300,000, na muuzaji anayezidai ni dhalimu naye. Kuna gari la kubebea. Kuna fundi wa kujaribu kila ramu, na zile zitakazokutwa zimekufa. Kuna wiki za kumngoja mteja huku bei ikiweza kuanguka. Kuna kibali, maana tangu kanuni za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki za mwaka 2021 biashara hii hapa Tanzania haifanywi kienyeji. Na kuna vitu visivyo na mnunuzi, kama betri ndogo za bodi na plastiki, ambavyo lazima vipelekwe panapostahili. Tuseme yote hayo yamefika 120,000. Zimebaki 180,000, na ndani ya hizo ndipo bei ya muuzaji na faida ya mnunuzi zinapokutana. Wavutane hapo kwa uhuru, mmoja akitaka 150,000 na mwingine akishikilia 110,000. Kwa bei ya kilo, seva hiyo hiyo ya kilo 25 ingelipiwa labda 20,000.

Nataka nisimame kidogo kwenye zile gharama za kuondoa taka, kwa kuwa zina jambo la ajabu. Mnunuzi mmoja anaweza kutoa bei kubwa kwa nyaya na bodi kwa sababu atazichoma usiku nyuma ya nyumba za watu, apate shaba bila gharama. Mwingine akatoa bei ndogo kwa sababu atazimenya kwa mkono na kuzipeleka kwa wenye viwanda vya kuzisafisha. Bei ndogo hapa ndiyo ya haki, na ile kubwa imelipiwa na mapafu ya watoto wa jirani. Mjini Accra, Ghana, eneo la Agbogbloshie lilijulikana duniani kote kwa moshi wa namna hiyo, hadi serikali ilipolivunja Julai 2021. Kwa takwimu za Umoja wa Mataifa, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu hazikufika hata robo. Mafunzo ya Mtume wetu ya kutodhuru wala kudhuriana yanaingia hapa moja kwa moja. Kwa hiyo muuzaji asiangalie tu nani ametaja tarakimu kubwa. Amuulize pia atavifanya nini.

Na pale ambapo pande zote mbili hazijui kilicho kizima na kilichokufa, kwa mfano seva zimelowa mvua au umeme haupo wa kuzijaribu, ninaona njia salama zaidi ni kutonunua kabisa. Kijana achukue mzigo kama dalali, auze kwa niaba ya shule, aoneshe daftari, na achukue ujira waliokubaliana tangu mwanzo. Hatari ya kupunjana inaondoka. Kijana alikunja uso kidogo aliposikia haya, kwani udalali una faida ndogo kuliko bahati nasibu ya sanduku lililofungwa. Nilimwelewa.

Nisiwaache wauzaji bila neno. Kamati zetu zina haya ya ajabu. Hukaa vikao vitatu kujadili rangi ya zulia, lakini mali ya wakfu ikiwa imekufa au imeonekana kufa, mtu mmoja anaachiwa aiuze kwa simu. Kumwita fundi mmoja kwa saa mbili, afungue kila seva, ahesabu na kuandika kilichomo, kisha kuita wanunuzi wawili au watatu, si kazi ya kuwashinda. Wahisani waliotoa seva zile walitoa sadaka. Sadaka ile ingeweza kununua madawati.

Lipo na jambo la diski, ambalo kijana hakuniuliza. Mimi ndiye niliyemuuliza. Ndani ya seva ya shule mna majina ya wanafunzi, matokeo yao, ada walizolipa na wasizolipa, simu za wazazi, na kwa mayatima mna habari za vifo na za ndugu wanaowalea. Hiyo ni amana, na haiuzwi pamoja na chuma. Kufuta mafaili kwa kubonyeza kitufe hakutoshi, kwani mwenye ujuzi huyarudisha. Diski iandikwe juu yake yote kwa programu ya kufutia, au itobolewe kwa drili. Hata wakubwa wameteleza hapa. Mwaka 2022 mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa iliitoza kampuni ya fedha ya Morgan Stanley faini ya dola milioni 35 kwa kutolinda taarifa za wateja wapatao milioni 15. Miongoni mwa makosa yake, ilikuwa imekabidhi kazi ya kuondoa maelfu ya diski na seva kwa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na ujuzi wa kufuta data, na baadhi ya vifaa vikauzwa vikiwa na habari za watu ndani yake. Kwetu pia ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hesabu ya bei, hii ina maana kwamba diski isipandishe bei ya seva mpaka mwenye mali awe ameifuta mwenyewe au ameshuhudia ikifutwa.

Nilipomuuliza habari za diski, kijana alinyamaza. Kisha akasema kwamba nyingi bado anazo, lakini sita alimuuzia mtu aliyepita na mkoba, siku ile ile ya ramu, bila kuandikiana wala kuulizana jina.

Juma lililofuata alikwenda shuleni na daftari na fedha. Mjumbe mmoja wa kamati alikasirika akauliza kwa nini anawasumbua kwa jambo lililokwisha. Mwingine, mama mmoja mwalimu mstaafu, akaomba aoneshwe ile hesabu mstari kwa mstari. Walipatana. Kijana alibaki na gharama zake na faida ambayo yeye mwenyewe aliiona nzuri, zilizobaki zikaingia mfuko wa mayatima, na seva mbili ambazo hakuwa amechomoa kitu ndani yake zikarudi stoo zingoje fundi. Diski alizokuwa nazo zilitobolewa uani mbele ya katibu.

Za yule mtu wa mkoba amezitafuta Kariakoo nzima. Amepata nne, akazinunua kwa bei kubwa kuliko aliyoziuzia, na fedha ya kuzikomboa aliitoa katika faida yake. Mpaka ninapoandika haya, mbili hazijapatikana.